Injini ya Kufuli Tatu

Kilichonitoa Naivasha ni simu ya Mzee Gitau wa Kalimoni. Iliingia Jumatano saa tisa na nusu mchana, nikiwa nimelala chini ya boti ya mtu nikiziba ufa. Sikuwa nimesikia sauti yake kwa mwaka mmoja na nusu. Hakunisalimia. Alisema, "Fundi, ile mashine yako imekataa kuwaka, na mtu wetu ameenda na maji." Nikamwuliza ameenda saa ngapi. "Saa saba. Hiyo kamba tumeivuta tangu saa nne." Nikasikia wanawake wakilia nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Ninyi wa huku ufuoni mnaijua mashine yenyewe. Ni ile ya kijivu, ya nguvu za farasi kumi na tano, niliyoifufua hapa mkiangalia. Watu wa Kalimoni, karibu na Juja, walikuwa wamefurikiwa na mto wao, wakachanga kanisani, wakapata boti, na watatu wao wakaja na pikapu kuchukua injini kwangu. Niliitia kwenye pipa la maji, nikavuta kamba mara moja, ikawaka. Wakapiga makofi. Mzee Gitau, mwenyekiti wao, akaniuliza, "Na ikikaa bila kutumika, fundi?" Nilikuwa na haraka, kuna mteja alikuwa ananisubiri. Nikamjibu, "Ikae tu mzee, hicho ni chuma." Basi, hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nilitoka nyumbani na sanduku la spana na begi la nguo moja ya kubadilisha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku, ile nyembamba isiyo na haraka. Njia nzima hadi Nairobi nilijaribu kujiambia kwamba huenda ni mafuta tu hayakufunguliwa, au wamesahau kuchomeka kile kiwaya chekundu cha usalama, watu hukisahau sana. Nilitaka iwe kosa lao. Nasema ukweli wangu, nilitaka sana iwe kosa lao.

Saa tatu na robo nilishuka Kimbo, pale Ruiru. Nilikuwa nimeambiwa nitapokewa na mweka hazina wa kikundi, mama mmoja aitwaye Mama Njeri, aliyehamia huko kufungua duka la unga na mafuta ya kupikia. Alikuwa amesimama chini ya kibanda cha viatu, mwavuli umefungwa mkononi na mvua inamnyeshea bega. Alipoliona sanduku langu alikuja moja kwa moja.

"Wewe ndio fundi wa Naivasha?"

"Ndiyo, mama. Poleni."

"Mimi ndio nilikuwa na ufunguo," akasema.

Sikuelewa, na sikutaka kumhoji mtu barabarani, lakini alieleza mwenyewe tukiwa tunatembea kuelekea gari la mpwa wake. Kikundi chao kilianza kama chama cha kina mama cha kuweka akiba. Sanduku la akiba lilikuwa na kufuli tatu, na funguo tatu zilikaa na watu watatu, ili mtu mmoja asilifungue peke yake. Ilipokuja injini, wakaona waiweke hivyo hivyo. Wakaifungia kwenye stoo ya kanisa, mlango ukatiwa kufuli tatu. Ufunguo mmoja kwa mwenyekiti, mwingine kwa katibu, wa tatu kwake yeye. Akahama nao.

"Jana walinipigia saa mbili asubuhi," akasema. "Wakaniambia Baba Ciku ameshika mti katikati ya mto, leta ufunguo. Nikawaambia niko njiani."

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa nyumbani, fundi. Sikuwa hata nimevaa viatu. Nilisema niko njiani kwa sababu ndivyo watu husema." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Wakinipigia tena nasema niko hapa karibu. Ningesema ukweli, si wangevunja mlango tu?"

Ningemwambia nini mimi, na "ikae tu" yangu imenikaa kooni? Tulipanda gari la mpwa wake tukaenda Kalimoni, barabara ya matope, mashamba ya kahawa pande zote mbili yamesimama ndani ya maji.

Saa nne na nusu tulifika mtoni. Nilikuwa nimetarajia mto, lakini nilichokiona ni tambarare ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na migomba, milango, na mbuzi mmoja aliyevimba. Katikati ulisimama mkuyu, maji yamefika kwenye matawi. Watu kama hamsini walikuwa ukingoni. Mbele yao, juu ya debe lililopinduliwa, alikaa mwanamke mwembamba mwenye koti la kiume, anautazama ule mkuyu. Sikuambiwa ni nani. Nilijua.

Mzee Gitau alinishika mkono kunisalimia akaguna, nikaona kwa nini. Ngozi ya viganja vyake vyote viwili ilikuwa imechubuka. Walivuta kamba kwa zamu, yeye na vijana wa kanisa, mpaka mikono ikatoka damu. Alinieleza yaliyotokea kwa maneno machache. Karanja, ambaye wote walimwita Baba Ciku, alikuwa na bustani ya sukuma kando ya mto na pampu ya kunyunyizia. Alfajiri ya Jumatano mto ulipoanza kupanda aliteremka kuiokoa pampu. Maji yakamchukua, yakambwaga kwenye ule mkuyu. Akaukumbatia tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Walikuwa wanaongea naye. Alimwambia mkewe awatoe ng'ombe zizini. Baadaye akawa hajibu, na baadaye mikono ikaachia.

"Tulijaribu kwenda na makasia," Mzee Gitau akasema. "Boti ilitupwa huko chini kama debe tupu, nusura tufe wanne. Bila injini hayo maji hayavukiki."

"Nionyeshe injini."

Walikuwa wameifunga kwenye nyuma ya boti, na boti imevutwa nchi kavu. Injini iling'aa. Haki ya Mungu, sijawahi kuona injini safi namna ile, imepigwa kitambaa mpaka unajiona uso. Kando yake kulikuwa na tangi jekundu la petroli. Mfuniko wake ulikuwa umezungushiwa utepe mpana wa gundi, na juu ya utepe sahihi tatu za kalamu ya wino mweusi. Utepe ulikuwa umepasuliwa jana yake.

"Hii ni nini, mzee?"

"Ni ya kuzuia wizi. Petroli huibwa sana, fundi. Tuliinunua ikajaa, tukaifunga, tukatia sahihi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikuwa tunafungua stoo watu watatu, tunapanguza mashine, tunaangalia kama sahihi ziko sawa."

"Na kuiwasha?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama huwa anakula matofali. "Tungeiwasha aje na imefungwa?"

"Mwaka mmoja na nusu?"

"Haijapungua hata tone," akasema, na kulikuwa na fahari ndani yake, fahari ambayo ilikatika katikati ya sentensi. Kisha akaongeza polepole, bila hasira, "Wewe ulituambia ikae tu."

"Nilisema, mzee."

"Ulisema ni chuma."

"Nilisema."

Nilifungua tangi, nikanusa. Petroli nzuri inachoma pua, inakuamsha. Hii ilinuka kama rangi ya mlango iliyosahauliwa kwenye kopo. Nikabinya lile puto la mpira linalosukuma mafuta kwenda kwenye injini. Likawa gumu papo hapo, maana yake mafuta yanafika kwenye kabureta na yanakwama hapo. Nikafungua plagi. Ilikuwa kavu kabisa, baada ya watu wazima kuvuta kamba kwa saa tatu. Moto kwenye waya ulikuwepo, wa bluu, mzuri, lakini kigae cha plagi kilikuwa na ufa. Mtu alikuwa ameikaza na spana isiyo yake wakati wa ile patashika. Sikuuliza ni nani.

Nilipoishusha kabureta na kufungua bakuli lake, wote waliinama kuchungulia. Ndani kulikuwa na utando wa kijani na kahawia, unanata kama asali iliyoganda. Petroli ikikaa miezi mingi hewa yake hutoka, inayobaki hugeuka gundi, na gundi hiyo huenda kuziba jeti. Jeti ni kijiti cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kina tundu ambalo sindano haipiti. Nililielekeza lile tundu mawinguni nikachungulia. Giza.

Nilihitaji plagi na oili ya kuchanganya na petroli mpya. Saa sita tulikuwa Thika mjini, mimi na Mzee Gitau, tunapita duka baada ya duka la vipuri vya pikipiki. Katika la nne au la tano alikaa kijana Mwislamu mwenye kofia ya kufuma, mcheshi, anapiga soga na wateja. Nilimwonyesha plagi yangu iliyovunjika nikamwambia ni ya injini ya boti.

"Boti? Mzee, hapa ni Thika! Mmepotea, bahari iko huko chini." Wateja wakacheka.

"Kuna mtu amezama Kalimoni," Mzee Gitau akasema.

Yule kijana aliinuka. Akazunguka ndani, tukamsikia akishusha maboksi, akarudi na plagi nne mkononi. Tukazipima moja moja kwa urefu wa sehemu yenye meno na upana, mpaka ya tatu ikalingana. Akaifunga kwenye gazeti.

"Amepatikana?" akauliza.

"Bado."

"Mwenyezi Mungu awape subira. Mkimpata nijulisheni, hata kama simjui."

Saa tisa mchana nilikuwa nimekaa kwenye gunia, pale mtoni, na kabureta mapajani. Mama Njeri alikuwa ameshika mwavuli juu yangu na hakukubali kupokelewa na mtu yeyote. Kazi yenyewe si ya maajabu. Nililoweka vipande kwenye kopo la petroli mpya, nikaviosha kwa mswaki, nikang'oa unywele mmoja wa ule mswaki nikaupitisha kwenye tundu la jeti, kwenda na kurudi. Waya sitii, waya hukwaruza shaba. Kisha nikapuliza kwa mdomo. Ladha yake ni chungu na ilinikaa ulimini mpaka kesho yake. Nilipoielekeza jeti mawinguni mara ya pili niliona nukta ya mwanga. Nikamwaga petroli yote ya zamani, ile isiyopungua tone, kwenye shimo mbali na maji. Nikarudisha kila kitu, nikatia plagi mpya na mafuta mapya, tukaitumbukiza injini kwenye pipa, nikavuta choki.

Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili ikakohoa. Wa tatu ikawaka, ikatoa moshi wa bluu uliowafunika waliokuwa nyuma, na maji yakaanza kutoka kwenye kitundu chake cha ubavuni, kama inavyotakiwa.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Yule mwanamke wa kwenye debe aligeuka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Aliitazama injini, si mimi, akaitazama kwa muda mrefu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, "Woi, Ngai," akimwita Mungu, basi. Akageuza uso kwenye mkuyu. Mimi nilizima injini. Nimezoea mashine ikiwaka nafurahi. Siku hiyo nilitamani isingewaka, iwe na ugonjwa mkubwa, iwe imevunjika kitu ambacho hakuna binadamu angekitengeneza.

Ijumaa asubuhi mvua ilikatika na mto ukashuka kiasi cha mkono mmoja. Tuliondoka saa mbili, mimi kwenye injini, Mzee Gitau mbele na mti mrefu wenye ndoana, na askari mmoja aliyetumwa, ambaye alishika pande zote mbili za boti na kuomba kwa sauti. Tuliteremka tukichungulia kila penye takataka zilizokwama. Injini haikusita hata mara moja. Ningeweza kuizima na kuiwasha kwa mvuto mmoja, na niliizima mara nyingi ili tusikilize na kutazama, na kila ilipowaka tena Mzee Gitau alifumba macho.

Saa tano hivi, mahali mto unapopanuka na kuingia mashamba ya chini, tulimwona. Alikuwa amelala kwenye waya wa ua wa mtu, kifudifudi, na gamubuti moja mguuni. Sitaeleza zaidi. Tulimfunika kwa turubai tukampandisha kwa heshima tuliyoweza. Njiani Mzee Gitau alimwekea mkono mgongoni juu ya turubai kana kwamba mtu huyo angeanguka.

Mama Ciku hakupiga kelele tulipofika. Alifunua mwenyewe, akaangalia, akavua lile koti la kiume akamfunika nalo. Ndipo nilipojua lilikuwa la nani. Akasema, "Sasa tutamzika nyumbani," na wanawake wakamzunguka.

Jumamosi asubuhi nilienda kwake kuaga. Watu walikuwa wamejaa uani, viti vya kukodi, sufuria kubwa motoni, wajomba wanapanga mazishi. Alinitoa nje ya umati tukasimama kando ya zizi. Aliniletea chai yeye mwenyewe, nikaona aibu kuipokea.

"Fundi, nataka kukuuliza kitu, na usinidanganye. Hawa wote wananiambia ilikuwa siku yake."

"Uliza, mama."

"Mashine ilikuwa na nini?"

Ijumaa jioni, kwa tahadhari, nilikuwa nimeibadilisha ile jeti kwa nyingine niliyokuwa nayo kwenye sanduku, na ile ya zamani ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui kwa nini niliiweka. Niliitoa nikaiweka kiganjani mwake.

"Hapa palikuwa pameziba. Petroli ilikaa sana ndani ikaganda."

Aliigeuza geuza. "Hiki tu?"

"Hicho tu."

"Ilikuchukua muda gani?"

Ningeweza kumjumlishia safari ya Thika. Ningeweza kusema mchana mzima. "Nusu saa," nikasema. "Na kama ingewashwa hata mara moja kwa mwezi, au petroli ingemalizwa ndani yake kabla ya kuwekwa, isingehitaji hata hiyo nusu saa. Mzee Gitau aliniuliza siku ile wakiichukua. Mimi ndiye niliyemwambia ikae tu. Si wao, mama. Ni mimi nilikuwa na haraka."

Ng'ombe alisogea akamnusa bega, mmoja wa wale ng'ombe ambao mumewe alimwambia awatoe. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningerudi nyumbani nimepungukiwa uzito.

"Alikuwa ananiuliza, 'Imewaka?'" akasema mwishowe. "Kila baada ya muda kidogo. Anapiga kelele kutoka kwenye mti, 'Mama Ciku, imewaka?' Na mimi namwambia, 'Karibu.'"

Chai ilinishinda. Niliimwaga kando nikidhani haoni.

Kisha akaniambia, "Twende unifundishe."

Tulienda kanisani, injini ilikorudishwa stoo, na msiba umejaa nyumbani kwake, wajomba wakitutazama. Akamwambia Mzee Gitau alete funguo tatu. Mzee akaanza kueleza habari za kamati na kikao, akaishia njiani, akaleta wake na wa katibu. Mama Njeri aliuweka wake mezani bila kuambiwa. Nilimwonyesha Mama Ciku jinsi ya kujaza pipa, kubinya puto, kuvuta choki, kusimama na mguu mmoja mbele. Ni mwembamba na kamba ni nzito. Ilimrudisha mara mbili, mara ya tatu karibu imng'oe bega. Mara ya nne ikawaka. Nikamwonyesha kuchomoa mpira wa mafuta na kuiacha ingurume mpaka inywe yote iliyomo kwenye kabureta na kuzima. Akairudia peke yake mara mbili, na machozi yanamtoka bila yeye kuyajali.

Saa nane mchana nilipanda gari la kurudi. Juja, Ruiru, Nairobi, milima, ziwa letu. Nilifika jua likizama na nilipita moja kwa moja ufuoni kabla ya kufika nyumbani. Mnakumbuka nilivyowasumbua wiki ile, nikizunguka kila boti nawaambia mmalize mafuta, msiache petroli ndani. Mlidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Otieno aliniambia, "Fundi, si ni wewe ulisema hicho ni chuma?" Mlicheka. Sikuwa na nguvu ya kueleza, ndiyo maana nimeandika. Mteja akiniuliza siku hizi kitu kidogo, naacha spana chini nakaa naye, hata kama mwingine amesimama mlangoni ananisonya.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi simu yangu hulia. Ni namba ya Kalimoni. Hatuamkiani. Nasikia kamba ikivutwa, mara moja, mara mbili, kisha ile injini inawaka, naye anaiacha ingurume mpaka petroli iishe ndani yake na izime yenyewe. Namngoja.

"Imewaka, fundi," anasema, halafu anakata.